Nafasi Tupu na Mshale

Kutengeneza kurasa za mtandao sikufundishwa na mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, kwa sababu anayejifundisha mwenyewe hubeba kwa miaka makosa ambayo mwalimu angeyafuta wiki ya kwanza. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki hapa Mwanza, kitengo cha kupima ubaridi wa minofu ya sangara. Samaki walipopungua, kiwanda nacho kikapunguza watu, na mimi nikarudi nyumbani Pasiansi na buti zangu za mpira. Jirani mwenye nyumba ya wageni alitaka ukurasa wa mtandao, akaniuliza kama naweza. Sikuwa na kazi nyingine, nikasema ndiyo. Niliyoyajua baadaye yote yametokana na jibu hilo.

Sasa nahudumia kurasa za shule, za nyumba ile ya wageni, na za duka la injini za boti. Si kazi ya jasho, lakini huchosha kwa namna yake. Macho huanza kuuma kabla ya mgongo. Umeme ukikatika mchana nasogeza kiti mlangoni nitazame ziwa lilivyotulia kati ya mawe, na ninagundua kwamba bado natafuta kosa kichwani. Mke wangu husema nimekuwa mtu wa kuitwa mara tatu.

Kwa mtu asiyejua, ukurasa wa mtandao ni maboksi ndani ya maboksi. Boksi la nje kabisa ni ukurasa wenyewe. Ndani yake kuna maboksi makubwa, ndani ya hayo madogo, na mengine madogo zaidi, mpaka unafika kwenye neno moja au picha moja. Mimi nililielewa jambo hili kwa kufikiria mji wa baba yangu kule Kisesa, jinsi ulivyokuwa nilipokuwa mdogo: uzio wa minyaa, ndani ya uzio nyumba, ndani ya nyumba vyumba, ndani ya chumba kitanda, na chini ya kitanda kuku anayelalia mayai. Ukitaka kumtuma mtu akalete kitu, humwambii tu "lete yai." Unamwambia aingie nyumba ipi, na kama atafute chumba cha kwanza tu au mpaka uvunguni.

Mashine nayo hutumwa vivyo hivyo. Kwanza unaiambia ianzie wapi. Ukiiambia ianzie kwenye ukurasa mzima, itakusanya kila kinachofanana na unachotaka, hata cha mji wa jirani. Ukiiambia ianzie ndani ya boksi fulani, haitatoka nje ya boksi hilo. Halafu unaiambia iende kwa kina gani, na hapa ndipo penye ujanja mdogo ambao ulinigharimu zaidi ya yote niliyojifunza. Unaandika jina la boksi kubwa, kisha jina la unachotafuta. Ukiacha nafasi tupu kati ya majina hayo mawili, mashine italeta vyote vilivyomo ndani, vya karibu na vya mbali, mpaka uvunguni. Ukiweka alama ya mshale mdogo badala ya nafasi tupu, italeta vile tu vilivyo moja kwa moja ndani ya boksi hilo, na vilivyo ndani ya vingine itaviacha. Tofauti ni alama moja.

Baba yetu alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Tulikubaliana kwamba mwaka ukitimia tutajengea kaburi na kufanya misa ya kumbukumbu. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, ambaye sasa ndiye msemaji wa familia, alinipigia simu akasema kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta, nitengeneze ukurasa wa familia ambao ndugu walio Geita, Kahama na Dar wataweza kuufungua, na kutokana na ukurasa huohuo itolewe karatasi atakayosoma katekista siku ile: wasifu wa marehemu, pamoja na majina ya watakaoitwa kuweka maua, kwa mpangilio. Mjane kwanza, kisha watoto, kisha wajukuu.

Kabla sijaanza, alinipigia binti wa marehemu mdogo wangu. Huyu lazima nimweleze. Mdogo wangu, mtoto wa tatu wa mzee, alifariki binti huyu akiwa hajaanza kutembea vizuri. Mama yake alirudi kwao Sengerema, akaolewa tena. Mzee akamchukua mtoto, akamlea pale Kisesa. Alimwita mzee baba, na mama yetu akamwita mama, kama sisi. Mzee alipolala kitandani, sisi tulikuwa tunakuja Jumapili. Yeye alikuwa pale. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, na asubuhi akaenda kuuza dawa za mifugo dukani kwa mtu.

Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani, kisha akauliza, "Baba mkubwa, mimi utaniandika wapi?"

Nilimwambia kikao cha familia hakijakaa. Akasema hana haja ya kitu kingine chochote, nyumba wala ng'ombe. Anataka siku ile watakapoitwa watoto, na yeye aitwe. Nikasema nitalifikisha. Nililifikisha. Kaka alijibu kwa upole kwamba binti ni mjukuu, na kwamba tukianza kupandishana vyeo makaburini hatutamaliza.

Basi nikaandika ukurasa. Niliweka boksi la mzee, ndani yake maboksi ya watoto wake saba kwa mpangilio wa kuzaliwa, na ndani ya kila boksi, watoto wa huyo mtu. Kila boksi lazima lipewe alama ya kulitambulisha, ili mashine ilijue. Na hapa nilifanya jambo ambalo Mzungu aliyeandika kitabu nilichojifunzia asingelifanya. Maboksi yote, ya ndugu zangu na ya watoto wao, niliyapa alama moja: *mtoto*. Haikunijia kwamba ni makosa. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu, na mjukuu wa mzee ukimtuma dukani unasema "mtoto, hebu njoo." Niliandika kama ninavyosema.

Nikaituma mashine ianzie kwa mzee, nafasi tupu, mtoto. Ikafanya kama mgeni anayetembezwa mji: iliingia nyumba ya kwanza, ikamaliza vyumba vyote, ikatoka, ikaingia ya pili. Ikahesabu. Nikatuma matokeo kwenye kundi la familia bila kuyasoma, kwa sababu mwenye duka la injini alikuwa ananisubiri.

Wasifu ulisema mzee ameacha mjane mmoja na watoto thelathini na wawili.

Kisha shangazi yetu, ndugu pekee wa mzee aliyebaki, akatuma sauti yake. Alisema alimjua kaka yake kuwa ni dume, lakini si kwa kiasi hicho, na kwamba hao wengine wajitokeze mapema kabla ng'ombe hawajagawanywa. Wadogo zangu wa kike wakaendelea. Mmoja akauliza kama mama ameshaambiwa. Kaka hakucheka. Alinipigia, akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni karatasi ya kusomwa mbele ya padri."

Kosa nililirekebisha asubuhi iliyofuata. Nikaondoa nafasi tupu, nikaweka mshale. Sasa mashine ikaleta saba tu, wale walio moja kwa moja ndani ya boksi la mzee. Lakini wasifu unasema marehemu *ameacha* watoto, na mdogo wangu ametangulia; hawezi kuachwa. Nikaiambia mashine kwamba boksi lenye alama ya marehemu iliruke. Ikabaki sita. Kisha, kwa kila mmoja wa hao sita, ikusanye waliomo ndani, hao ndio wajukuu. Nikasoma hesabu ya watoto mara mbili: sita, sawasawa. Wajukuu sikuwasoma. Nani anajua idadi ya wajukuu wa familia yake bila kukaa chini? Kaka akasema sasa imekaa vizuri.

Jumamosi iliyofuata, binti alifika Pasiansi bila kutoa taarifa. Alikuwa na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwa mama yetu. Akatusalimu, akamsaidia mke wangu kuhamisha nguo kwenye kamba kwa sababu vijidudu vya ziwani vilikuwa vimeanza kutua, akanywa chai. Alipomaliza akafungua simu yake, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nimejitafuta humu," alisema. "Kwa watoto simo. Nikasema sawa, nilishaambiwa. Nikashuka kwa wajukuu. Huko nako simo."

Nilimwambia haiwezekani. Nikatafuta. Walikuwepo watoto wa kaka, wangu, wa dada zangu wote wanne. Yeye hakuwepo.

"Baba mkubwa, niambie tu ukweli. Ni mashine, au ni kikao?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshapanga jinsi ya kulipokea jibu lolote. Nilifungua kompyuta nikamwonyesha, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kujieleza. Hili ni boksi la babu yako. Hili ndani yake ni la baba yako, lina alama ya marehemu. Na wewe hapa, ndani ya boksi la baba yako, peke yako. Mashine ilipoambiwa imruke baba yako, ilimruka na kila kilichomo ndani yake. Haikukuona. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa na wewe umo ndani.

Akaangalia kwa muda. Aligusa kioo mahali palipoandikwa jina la baba yake, kana kwamba ni kitu kinachoweza kufunguka kwa kidole.

"Ni mashine," nikasema.

"Mashine uliyoiambia wewe."

"Niliyoiambia mimi."

Hilo lilimtosha. Akavuta kiti karibu, akauliza itakuwaje. Nilikuwa nimeshaona njia moja, na nilidhani ndiyo atakayoipenda. Nikamwambia naweza kulitoa boksi lake pale lilipo, nikaliweka moja kwa moja chini ya mzee, sambamba na sisi. Mshale utampata. Atasomwa pamoja na watoto, bila kikao kujua kimefanyika nini.

"Na kule kwa baba?"

"Kule hutakuwepo. Boksi moja halikai mahali pawili. Ukilipeleka kwingine, linaondoka lilipokuwa."

"Kwa hiyo baba atabaki hana mtu."

"Boksi lake litabaki tupu."

Alivunja kipande cha michembe na kukila kikavu. Nje mtu alikuwa anauza dagaa kwa kupiga kelele. Nilihisi uchovu ambao haukuwa wa siku ile. Ulikuwa wa mwaka mzima wa ugonjwa, kisha mwaka wa msiba, vikao, michango, na sasa nimekaa na mtoto wa mdogo wangu tukijadili atolewe kwa nani apelekwe kwa nani, kama mbuzi.

"Usinihamishe," akasema mwishowe. "Lakini sitoki na wajukuu. Wale walikuwa wanakuja Krismasi, wanamshika mzee mkono kama wanashika kitu cha moto."

Nikampigia kaka akiwa amekaa palepale. Nilimweleza taratibu, kwa sababu kaka alikuwa mwalimu wa hesabu na hapendi kurukiwa hatua. Nilisema kwamba katika karatasi aliyoipitisha, binti hayumo popote. Alishtuka kweli. Akauliza imekuwaje. Nikasema nilimwondoa mdogo wetu kwa sababu amefariki, na binti akaondoka naye.

"Nani alikwambia umwondoe?" kaka akauliza.

"Wasifu unasema ameacha. Marehemu haachwi."

"Wasifu ni karatasi, mdogo wangu. Kwenye mji wa mzee nafasi ya mtu haiachwi tupu. Kama yeye hayupo, anasimama mtoto wake. Hujui hilo? Ulikulia wapi wewe?"

Alisema kama anayenikaripia, na sidhani kama alitambua kuwa palepale ameshakubali alichokuwa amekikataa. Sikumkumbusha. Nilimwambia nimeelewa, nitarekebisha. Binti alikuwa amesikia. Sauti ya kaka hupenya simu. Hakutabasamu. Aliuliza tu kama maneno hayo mashine inaweza kuyaelewa.

Inaweza. Ndiyo ajabu ya kazi hii, kwamba jambo ambalo wazee hulijua bila kuliandika unaweza kuliandika kwa mistari michache. Niliiambia mashine ianzie kwa mzee, ifuate mshale, ichukue watoto kwa mpangilio. Ikikuta boksi lenye alama ya marehemu, isiliruke. Ilifungue, iwatoe waliomo moja kwa moja ndani yake, iwasimamishe mahali palepale. Nikaendesha. Kaka, mimi, binti, kisha dada zetu. Alisimama baada yangu, mahali ambapo mdogo wangu alikuwa akisimama tulipopangwa kwa ajili ya picha.

"Si nilichoomba," alisema alipokuwa anavaa viatu mlangoni. "Mimi niliomba kuitwa kwa ajili ya mzee. Mmenipa kwa ajili ya baba."

Nikamwambia najua.

"Baba simkumbuki hata sura," akasema. Kisha akaaga, akaenda kupanda gari la Kisesa.

Asubuhi ya kuelekea misa nilipitia Igogo kuchapa karatasi, si kwa kuwa mashine ya kuchapa ya huko naiamini kuliko nyingine, bali kwa sababu mwenyewe hufungua mapema. Niliisoma sehemu ya watoto. Ilikuwa sawa. Nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Kaburi lilikuwa limewekwa marumaru nyeupe ambazo dada zangu walizichagua. Jua lilikuwa kali na hema halikutosha. Katekista, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alianza na mama. Mama akaenda akishikwa mikono, akaweka shada lake, akarudi kwenye kiti. Kisha watoto. Kaka akaenda. Nikaenda. Katekista akasoma kwamba nafasi ya marehemu mtoto wa tatu inachukuliwa na binti yake, akamtaja jina. Binti akatoka na shada alilolinunua mwenyewe mjini, akalishusha polepole, akaweka kiganja juu ya marumaru kwa kitambo kidogo, akaja kusimama pembeni yangu. Dada zetu wakafuata.

Kisha wakaitwa wajukuu. Hawa hawakuwa na mashada; kulikuwa na ndoo ya maua na kila mmoja alichukua ua moja. Walikwenda watoto wa kaka, wakaenda wangu. Ndipo katekista akasoma jina la binti tena.

Nilijua papo hapo. Nilipoiambia mashine ikusanye wajukuu, niliacha amri ya zamani: chukua waliomo ndani ya maboksi ya watoto wa mzee yasiyorukwa. Kwa kuwa sasa boksi la mdogo wangu halirukwi, na binti bado yumo ndani yake, mashine ilimpata tena. Sikumhamisha, kama alivyotaka. Kwa hiyo alikuwa mahali pake, na aliyeanza kutafuta kwa mzee kwa njia moja alimkuta ni mtoto, na kwa njia nyingine alimkuta ni mjukuu.

Katekista alidhani hakusikika. Akarudia jina. Watu wakageuka. Binti alinitazama mara moja tu, akaenda kwenye ndoo, akachagua ua, akarudi kaburini mara ya pili. Safari hii hakuweka kiganja. Aliliweka ua kichwani pa kaburi, juu ya mashada yote, akalisawazisha kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Dada yangu mdogo akanong'ona, "Huyu leo ana zamu mbili," na aliyekuwa karibu naye akamfinya. Kaka alinitazama juu ya miwani yake.

Baada ya chakula nilimkuta nyuma ya jiko akisugua sufuria za pilau kwa majivu. Nikachutama kumwagia maji.

"Ile mara ya pili," aliuliza bila kuinua kichwa, "ni mashine au ni wewe?"

"Ni mimi. Nilisahau mstari mmoja. Kesho nitaurekebisha."

Akageuza sufuria, akatazama chini yake, akaendelea kusugua mahali palipokuwa pameshatakata.

"Usiuguse," akasema.

Ukurasa bado upo. Jumla ya watoto na wajukuu hailingani na hesabu ya watu ukiwahesabu kwa vidole. Inazidi kwa mmoja, na shangazi ameshaniuliza mara kadhaa ni nani huyo. Mstari wenye kosa naujua ulipo, na kuufuta si kazi. Nina kurasa za watu wengine zinazonisubiri, na macho yangu si yale ya kiwandani. Sijaugusa.